Mgonjwa Haji Peke Yake: Profesa Lambo na Vijiji vya Aro

Haya asanteni, wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vya huku viko vitupu. Nimeambiwa nimzungumzie Profesa Thomas Adeoye Lambo na wanaonijua washaanza kucheka, wanajua ntaishia wapi. Kazaliwa Abeokuta, Nigeria, 1923, kasoma udaktari Birmingham, udaktari wa akili akausomea London, hayo mtayapata wenyewe kwenye simu. Mie nataka 1954.

Mwaka huo yuko kwao, kakabidhiwa hospitali ya akili ya Aro, hapo hapo Abeokuta, na majengo hayajaisha. Sisi tungefanyaje? Si tungeandika barua tungoje bajeti, na tungengoja mpaka leo. Yeye akaenda vijiji vya jirani akakaa na wazee, akawaambia mie nina wagonjwa, nyinyi mna vyumba, nipangishieni. Wagonjwa wa akili hao! Hebu nenda kesho kwa wazee wa mtaa wako ukawaombe hivyo nione. Na hakuwatwika mzigo bure, hospitali iliwakopesha wenyeji pesa waongeze vyumba, ikawapelekea maji ya mfereji na vyoo. Ila sharti lilikuwa moja, mgonjwa haji peke yake. Aje na mtu wake angalau mmoja, mama, shangazi, ndugu, wakae wote kijijini, ampikie, amfulie, asubuhi ampeleke hospitali akatibiwe, kisha warudi, mwenye nguvu ashike jembe.

Hapo ndipo ninapogombana na watu. Kwetu mgonjwa analetwa na tuktuk, kakake hata hashuki, anamsukuma na mfuko wa nguo, namba ya simu anaacha, ukipiga ni "mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa". Kijana anapata nafuu, anakaa wodini mzima kabisa, anafagia, anatumwa maji, hana pa kwenda na kitanda kinatakiwa na mwengine. Siku akirudishwa, nyumbani hakuna ajuaye zile dawa zinamezwa vipi, ama anaambiwa ziache zakulaza sana, mwezi hauishi yuko barabarani anahubiria magari. Halafu ati dawa za hospitali hazifai! Kule Aro yule mama amekaa naye muda wote, amemuona daktari, amejifunza ugonjwa ukirudi unaanzaje, usingizi unakata, chakula hataki, anaanza kuongea na ukuta, sasa mama kama huyo akirudi kwao si ndiye nesi mwenyewe? Unamlipa nani zaidi ya huyo?

Najua kuna mtu anasema moyoni mzee hiyo ni Nigeria ya mashamba, sisi hapa twapanga, mwenye nyumba akisikia tu vitu vyangu viko nje. Sikiza. Nyumba ya Kiswahili vyumba sita, ukumbi mmoja, choo kimoja uani, twajua nani leo kapika nazi na nani kanuniana na mumewe, lakini chumba cha nyuma chenye kufuli kwa nje na mtu ndani ati hatukijui? Twakijua jamani. Twapita tukiangalia chini.

Na waganga, maana lazima mtauliza. Lambo aliwaajiri, ndio, waganga wa kienyeji walisaidia kusimamia shughuli za wagonjwa kule vijijini. Lakini matibabu ya hospitali yalibaki kwa daktari, wasije watu wakatoka hapa wakasema nimewatuma kwa mganga. Mpe kombe anywe, msomee, sina ugomvi na shehe wala mchungaji, siku ya sindano ikifika aje kliniki. Kamba na minyororo ndiyo siitaki, hata ifungwe na nani.

Mengine nayapita mbio. Kulikuwa na daktari Carothers, alikuwa hapa kwetu Kenya, hospitali ya akili ya Mathari, na 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia andiko linalomfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa ubongo wa mbele. Msicheke, watu wazima waliandika hayo. Lambo alimjibu bila kumung'unya maneno, na 1961 akawakusanya madaktari wa akili wa Afrika pale pale Abeokuta. Halafu shirika lile lile likaja kumfanya naibu mkurugenzi mkuu, 1973 mpaka 1988! Kabla ya hapo alishakuwa makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Ibadan. Kafariki 2004.

Nilitaka pia kusema la sheria, na kwa nini dawa zenyewe hukosekana, lakini mwenyekiti kashanionyesha saa mara mbili na leo kavaa saa kubwa kweli. Basi, maswali, na liwe swali, si hotuba, hotuba nimeshatoa mie. Yule mama wa kule nyuma, tangu nitaje kufuli mkono uko juu. Mpeni kipaza sauti.