Kliniki ya Video: Jicho la Mgonjwa

Wauguzi wenzangu, wakubwa shikamooni, na wengine habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie kliniki za video za wauguzi bingwa wa saratani hapa Uingereza, ila kwa upande wa mgonjwa. Nianzie Scotland, maana huko hawakungoja korona. Mgonjwa wa Wick akiitwa hospitali ya Raigmore, Inverness, ana kilomita kama 160 za kwenda tu, na theluji ikianguka barabara ile mnaijua. Pengine aendako ni kuongea na muuguzi robo saa, basi. Ndipo ikaja Near Me, huduma ya kumwona mgonjwa kwa video: unabonyeza linki, unaandika jina, unakaa kwenye chumba cha kusubiri cha mtandaoni hadi muuguzi akuchukue. Hupakui programu yoyote. Mwaka 2020 ikasambaa kwa kasi nchi nzima.

Mgonjwa aliyetoka juzi kwenye kemo, yaani tiba ya dawa za saratani, atakushukuru kwanza kwa safari aliyoepuka. Mimi naona faida kubwa iko kwingine. Kwenye simu ya kawaida anakwambia, "Niko sawa tu, sista," na huna la kumbishia. Video inamsuta. Anayemeza capecitabine, kemo ya vidonge, mwambie anyanyue viganja vyote viwili, uone ngozi inavyobabuka. Anayepata oxaliplatin, kemo ya dripu, mwombe afunge vifungo vya shati. Akihangaika na kile cha kwanza, umeshajua ganzi ya vidole imefikia wapi.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Tumefundishwa kutafuta wekundu. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani; kiganja kinazidi weusi tu, na taa hafifu ya sebuleni inaficha hata huo. Msogeze dirishani, kisha muulize: panauma? Panawaka moto? Ukiwa bado na shaka, mwite aje, kwa sababu kamera haipapasi uvimbe wala haitoi damu.

Halafu kuna siri. Hospitalini unafunga mlango. Nyumbani hujui nani kakaa pembeni. Mama hatakueleza habari ya damu ukeni wakati mkwewe yuko kochini, kwa hiyo swali la kwanza liwe, "Uko na nani hapo?" Na binti yake asigeuzwe mkalimani. Mkalimani wa kazi anaweza kuingizwa kwenye video hiyohiyo. Mtoto asibebeshwe kumwambia mamaye kwamba saratani imefika kwenye ini.

Dogo, lakini linauma: aliyenyonyoka nywele anajiona kwenye kona ya skrini muda wote mnaongea. Programu nyingi zinaruhusu kuificha picha hiyo. Mwelekeze.

Mwisho, majibu ya skani. Wengine husema habari mbaya zisitolewe kwa video kamwe. Sikubaliani. Yuko mgonjwa anayetaka kuzipokea kwenye kiti chake, mume kamshika mkono, asilie kwenye basi. Kosa ni kutoa mazuri kwa video na kuwaita hospitalini wenye mabaya tu. Wagonjwa huongea wao kwa wao. Wakishaujua mchezo huo, barua ya kuitwa inakuwa ndiyo majibu yenyewe. Muulize kabla skani haijapigwa, wakati wewe mwenyewe hujui itasema nini: majibu uyapokee wapi, na nani awe karibu nawe? Jibu lake liandike kwenye faili, ili hata zamu ikibadilika, mwenzako alifuate.