Boga la Tani Nzima Kwenye Nchi ya Baridi

ZUHURA: Wasikilizaji, karibuni tena. Leo kaka Kassim kaingia studio na mkanda wa kupimia shingoni. Nikadhani kanionea huruma, anataka kunishonea gauni.

KASSIM: (anacheka) Wa maboga huu, dada. Unapima mzunguko, unapitisha juu kulia na kushoto, unapitisha mbele na nyuma, halafu jedwali linakukisia uzito. Boga lenyewe huwezi kuliinua uone. Alaska, kule Marekani, kwenye maonyesho ya mji wa Palmer mwaka 2019, moja lilifika kilo 930.

ZUHURA: Alaska hii hii ya theluji?

KASSIM: Hiyo hiyo. Mwezi wa sita jua la Palmer linakaa angani kama saa 19 kwa siku, majani hayana pa kulalia. Mwanga si shida. Adui ni udongo. Mizizi ikikuta ardhi baridi inagoma, hata umwage samadi lori zima. Ndiyo maana watu wanafukia nyaya za umeme zenye joto, au mabomba ya maji moto, na kufunika shamba kwa plastiki mapema.

ZUHURA: Yaani boga linatandikiwa godoro la umeme! Wengine hapa tunalala na soksi.

KASSIM: Na bado linajengewa kitalunyumba. Mbegu yenyewe inaoteshwa ndani mwezi wa nne, kwenye joto la nyuzi kama 30. Usipofanya hivyo umechelewa, kwa sababu Palmer wanafunga maonyesho mwanzoni mwa Septemba. Kwingine mizani inasubiri hadi Oktoba.

ZUHURA: Mbegu hizo zinatoka wapi?

KASSIM: Hapo ndipo ninapopapenda. Zinatoka kwenye baridi hiyo hiyo. Howard Dill, mkulima wa Windsor, Nova Scotia, Kanada, ndiye aliyezalisha aina inayoitwa Atlantic Giant. Karibu kila boga kubwa unalolisikia leo ni mjukuu wa maboga yake. Na lile la kilo 1,247 lililoweka rekodi ya dunia mwaka 2023 lilikuzwa na Travis Gienger wa Minnesota, Marekani, nako si mchezo kwa baridi.

ZUHURA: Kwa hiyo ukoo unafuatwa kama wa farasi.

KASSIM: Kabisa. Mbegu inaitwa kwa uzito wa mama yake, jina la mkulima na mwaka. Basi nyuki hawaachiwi kazi ya kuchavusha. Jioni unaliona ua jike limevimba, kesho litafunguka. Unalifunga mdomo kwa uzi. Alfajiri unachuma ua dume, unanyofoa petali zote, linabaki kijiti chenye kichwa cha manjano. Unafungua uzi, unapaka chavua taratibu kila pembe ya ule moyo wa ua jike, unafunga tena. Mimi nilipojaribu langu, vidole vilikuwa vinatetemeka kwa baridi, chavua nusu ilibaki kwenye koti.

ZUHURA: Ikishika?

KASSIM: Unachagua boga moja kwa mche, mengine unakata. Roho inauma, lakini unakata. Matawi yanayotambaa unayafukia kwenye vifundo ili yaote mizizi zaidi. Halafu linakuja lile juma ambalo boga linaongeza zaidi ya kilo 20 kwa siku. Chini umelitandikia mchanga, liteleze linavyopanuka. Usiku unalifunika blanketi.

ZUHURA: Na lako liliishia wapi? Maana mizani hatujaiona.

KASSIM: Dada, usinikumbushe. Mvua ilinyesha siku mbili baada ya ukame, nami sikuwa nimelifunika. Kinachoua ni kunywa kwa pupa. Asubuhi nikakuta ufa karibu na kikonyo. Nikajiambia ni wa ngozi tu. Nikaingiza kijiti cha kiberiti, kikazama chote.

ZUHURA: Ufa ukifika kwenye uwazi wa ndani?

KASSIM: Halipimwi. Hata liwe kubwa kuliko yote.

ZUHURA: Angalau ulilipika?

KASSIM: Nilijaribu. Maji matupu na nyuzi. Windsor wana akili kuliko mimi: mwaka 1999 walianza kuyachimba maboga ndani, kukaa humo na kushindana kupiga makasia ziwani.

ZUHURA: Na lenye ufa?

KASSIM: Hilo linazama, dada.