Jinsi ya kusoma madoa meupe kwenye mwembe wako kwa lenzi na simu

Asalaam aleikum watazamaji, na wengine wote hamjambo. Tuko Malindi, chini ya mwembe wa jirani, ruhusa tumeomba tukapewa. Mwanangu, kamera ielekeze kwenye shina, uso wangu wameshauzoea.

Haya. Mnaona madoa haya meupe, na haya ya kijivu, na hili la kijani kilichopauka? Jirani alikuwa ameshanoa panga ayakwangue yote kisha apake chokaa, akidhani mti unaumwa. Mti hauumwi. Hizi ni likeni. Hazina mizizi, wala hazinyonyi kitu ndani ya mti; zimekaa juu ya gome tu, zinakunywa mvua na umande kwa mwili mzima. Kila moja ina kuvu, ambayo ndiyo umbo unaloliona, na ndani ya kuvu hiyo wamo mwani wadogo mno wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Na hukua polepole mno: nyingi za aina hii bapa hazizidi milimita chache kwa mwaka. Doa la ukubwa wa kiganja huenda lina umri kukushinda wewe unayelishikia panga.

Vifaa: lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, chupa ya kunyunyizia yenye maji safi, simu, sarafu, daftari na kalamu. Kisu kiache nyumbani.

Kwanza chagua mti. Shina liwe wima na gome lake lisiwe la kubanduka. Mwembe ni mzuri, mkwaju mzuri, mnazi ndio mwenyewe, maana shina lake liko wazi na madoa yanaonekana toka mbali. Mkaratusi achana nao, unajivua gome kila mara. Miti ya barabarani iliyopakwa chokaa nayo iache, utakuwa unachunguza chokaa.

Sasa lenzi. Hapa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wote huharibu. Lenzi inakwenda jichoni. Jichoni! Haiendi kwenye mti. Ibandike karibu na jicho hadi ikaribie kugusa kope, mkono uegemeze shavuni, halafu wewe mzima usogee kwenye shina mpaka picha ikae sawa. Kwa lenzi ya mara 10 utakuwa kama sentimita mbili na nusu kutoka kwenye gome. Ndiyo, pua itagusa mti. Wapita njia watakuuliza kama unanusa. Waambie ndiyo.

Ngoja tuktuk ipite.

Nilikuwa wapi? Lenzi. Jichoni. Ukiinyoosha mkono kama mtu anayesoma gazeti, utaona ukungu tu, kisha utaniandikia kwamba nimekuuzia lenzi mbovu.

Tazameni hii sasa. Ganda jeupe, limeshikana na gome huwezi kulibandua hata kwa ukucha, na juu yake mistari myeusi inapinda na kugawanyika kama hati ya Kiarabu isiyo na nukta. Hii ni ya jamii ya Graphis, na mistari ile ndiyo sehemu inayotoa mbegu za kuvu. Mimi ndiyo niipendayo kuliko zote, naweza kuitazama mpaka adhana ya... Aa! Aa! Majimoto! Usicheke mwanangu, endelea kurekodi. Hawa sisimizi wakali wameingia mkononi. Watazamaji, kabla hujaegemea mwembe tazama juu kwanza: ukiona majani yameshonwa pamoja, hiyo ni nyumba yao. Tunahamia upande wa pili.

Afadhali huku. Na huku kuna aina nyingine, ile yenye umbo la jani: kingo zake zimeinuka kidogo, unaona tabaka la juu na la chini. Ya tatu ni ile inayosimama au kuning'inia mithili ya kichaka kidogo. Kwenye mwembe huu haipo, nitawaambia mahali pa kuitafuta.

Picha. Piga PICHA KAVU KWANZA. Chupa ya maji bado. Weka sarafu pembeni ionyeshe ukubwa wa doa, futa kioo cha kamera, maana upepo wa bahari hukiachia chumvi, kisha ishikize lenzi mbele ya kamera ya simu na usogee polepole. Kavu kwanza, jamani. Likeni ikilowa, ngozi yake ya juu inapitisha mwanga na ule ukijani wa mwani unajitokeza. Ya kijivu inakuwa ya kijani, na rangi uliyoihitaji kuitambulia imeondoka mpaka ikauke tena. Mmepiga? Kavu? Hakikisheni.

Sasa nyunyizia. Tazama... tazama... hiyo! Mwanangu umeipata? Haikuingia kwenye kamera. Haya, tunanyunyizia doa la jirani yake. Hiyo. Raha yake hiyo.

Anayetaka kupima, atengeneze fremu ya waya: urefu sentimita 50, upana 10, igawe vyumba vitano. Ukingo wa chini uwe mita moja kutoka ardhini. Pima kaskazini, mashariki, kusini na magharibi ya shina, na kila aina uandike imeonekana katika vyumba vingapi. Usiruke upande wowote. Yale ya kwamba likeni hupenda upande mmoja ni ya nchi za mbali. Sisi tuko nyuzi kama tatu tu kusini mwa ikweta, jua linatupiga huku na huku.

Faida yake? Mwaka 1866 mtaalamu wa likeni William Nylander aliona kwamba katika bustani ya Luxembourg mjini Paris kulikuwa na likeni ambazo sehemu nyingine za mji hazikuwa nazo, akasema ni hewa. Moshi wa makaa ya mawe una gesi ya salfa, na likeni haina mlango wa kuizuia. Kwa hiyo linganisha mwembe wa stendi na mwembe wa shambani. Mwembe kwa mwembe! Usichukue mnazi wa mjini ukaulinganisha na mrihi wa Arabuko-Sokoke. Msitu ule una kilomita za mraba kama 420, gome ni jingine, kivuli ni kingine. Na ukiwa kule, au kwenye magofu ya Gede, usibandue hata kipande. Picha zinatosha.

Ile ya kichaka itafute kwenye miti ya karibu na bahari, nyuzi za kijivu zinazoning'inia. Roccella. Wazee waliiita malele, na katika karne ya 19 ilipakiwa merikebuni kutoka pwani hii, nyingi kupitia Unguja, ikaenda Ulaya kutengenezewa rangi ya zambarau. Kisha rangi za kiwandani zilizoanza na mkemia Perkin mwaka 1856 zikaiua biashara. Litimasi ile mliyochovya kwenye asidi shuleni asili yake ni hiyo hiyo.

La mwisho, la usiku. Azima taa ya kukagulia noti dukani, imulike minazi gizani. Aina moja ya kijivu inayopatikana sana mijini, Pyxine cocoes, inawaka njano. Hapa na jua hili hamtaona kitu, kajaribuni wenyewe.

Lenzi ninazo, za mara 10 tu. Zile za mara 30 siuzi: eneo unaloliona ni dogo, na inabidi usogee mpaka kichwa chako kizibe mwanga. Anayetaka aandike hapo chini, na mwenye picha atume. Isiyo na sarafu sijibu.