Kulala Kando ya Mwamba: Kupiga Picha Spitzkoppe

Wazee wangu shikamooni, na ninyi wenzangu habari za jioni.

Picha hii ya kwanza ni Spitzkoppe, mlima wa mwamba nchini Namibia, ukingoni mwa jangwa la Namib. Kilele chake kina mita 1,728 kutoka usawa wa bahari, na kinasimama kama mita 700 juu ya uwanda. Niliipiga mwezi wa sita, saa saba mchana, jua likiwa nyuma yangu. Tazameni mwamba ulivyo bapa. Hii ya pili niliipiga pale pale, kesho yake saa mbili kasoro robo asubuhi, mwanga ukiingia kutoka kushoto. Sasa mwamba una mbavu, una mabega, unaona hadi ulipopasuka.

Mwanga wa namna hiyo haukai. Nusu saa hivi baada ya jua kuchomoza, na nusu saa nyingine kabla halijazama, basi. Anayelala hotelini mjini atafika umeshapita. Ndiyo maana tulikodi pikapu yenye hema juu ya paa, tukatoka Windhoek na maji, jiko la gesi na dizeli ya kutosha. Lami ilipoisha tulipunguza upepo wa matairi, maana barabara ile ya changarawe imejaa matuta madogo madogo yanayotikisa mpaka meno. Lenzi nilizifunga ndani ya blanketi.

Siku ya pili nilibadilisha lenzi nimesimama nje, upepo unavuma. Vumbi likaingia kwenye kihisi, kile kinachopokea mwanga ndani ya kamera, na picha zote za jioni ile zina madoa meusi angani. Iliniuma sana. Tangu hapo nabadilishia ndani ya gari, vioo vimefungwa, kamera nimeiinamisha chini.

Huu hapa ni mwamba kwa karibu. Ni granaiti. Sisi wa Mwanza tumekua juu ya granaiti, lakini ya kwetu ni ya zamani zaidi sana. Hii ina zaidi ya miaka milioni 120, wakati Afrika na Amerika Kusini zilipokuwa zinaachana. Uji wa moto ulipanda, ukapoa ukiwa bado chini ya ardhi. Mmomonyoko ulipoondoa mzigo uliokuwa juu yake, mwamba ukatanuka, ukaanza kubanduka tabaka kwa tabaka kama kitunguu. Ukilijua hilo, unajua cha kutafuta: kingo za yale maganda. Nilizunguka mchana kutwa bila kamera, napapasa tu, nikiweka alama mahali ambapo kivuli cha jioni kingeangukia.

Usiku ni kazi nyingine. Kuna tao la mwamba pale, na mwezi wa sita Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota, hupita juu kabisa kichwani. Tulichagua siku ambazo mwezi haujaandama. Tripodi niliifupisha miguu, nikaning'iniza dumu la maji la lita tano chini yake ili upepo usiitikise. Shata, yaani kile kilango cha kuingizia mwanga kwenye kamera, niliiacha wazi sekunde 15. Ukizidisha sana, nyota zinavutika na kuwa vistari. Betri nililala nazo kifuani, baridi huzimaliza.

Sasa naomba taa za ukumbi zizimwe. Hiyo ya nyota haionekani kukiwa na mwanga.