Solidi Inayonyooka: Kuchagua Risasi za Ndovu na Mbogo

(Mhadhara kwa askari wanyamapori na wanaojifunza uwindaji bingwa)

Marahaba, marahaba. Kaeni.

Kabla sijasema lolote, pokeeni hivi vichwa vitatu vya risasi mpitishiane. Vyote vimetoka ndani ya wanyama, nimevichokonoa mwenyewe kwa kisu. Cha kwanza kimepinda kama ndizi. Cha pili gamba lake limepasuka na madini ya risasi yaliyomo yamechuruzika kwa nyuma kama dawa ya meno. Cha tatu mtadhani hakijawahi kupigwa. Kigeuzeni mwangani mtaona mikwaruzo ya mtutu tu. Vyote vitatu viliuzwa kwa jina moja: solidi, yaani risasi ngumu isiyofunguka ndani ya mnyama.

Ndiyo maana kijana akiniuliza, "Mzee, solidi kubwa kuliko zote ni ipi?" huwa namwambia arudi na swali jingine. Aniulize ipi inanyooka.

Softi mnaijua. Ikigusa nyama inafunguka kama uyoga, inachana mapafu, inamaliza kazi karibu na ilipoingilia. Kwa simba na chui ni hiyo hiyo, msinipelekee solidi huko, itatoboa kitundu kidogo na chui atakusubiri kichakani akiwa na hasira zake zote. Solidi haifunguki. Kazi yake ni kufika: kwenye ubongo wa ndovu, kwenye ubongo wa kiboko, kwenye moyo wa mbogo anayekukimbia na tumbo zima la majani liko katikati yako na huo moyo.

Sasa ile ndizi. Ilikuwa mwaka 1987, kijiji kimoja upande wa Rufiji, dume la tembo limezoea mahindi na watu wamechoka kupiga madebe usiku. Nilitumwa mimi na mwenzangu. Asubuhi tukamkuta amesimama ubavu, hatua kama ishirini na tano, nikalenga mbele kidogo ya tundu la sikio. Bunduki ikalia, tembo akapiga magoti, halafu akasimama. Mwenzangu ndiye aliyemmaliza. Nilijilaumu sana, nikasema mkono umetikisika. Tulipopasua fuvu kwa shoka nikaona tundu liko palepale nilipotaka. Njia ya risasi ilikwenda sawa kiasi cha shibiri moja na nusu, kisha ikakata kona kuelekea shingoni. Kichwa cha risasi tukakikuta kimelala kikavu chini ya ngozi, kimepinda hivyo mnavyokiona.

Kwa nini? Risasi hewani inanyooka kwa sababu mistari ya mtutu imeizungusha. Lakini mwili wa mnyama ni mzito kuliko hewa mara mia nane hivi. Mzunguko uliotosha hewani hautoshi humo ndani hata kidogo. Kinachoibakiza kwenye njia yake ni umbo la pua. Pua ya duara, kama ya ile ndizi, inateleza ikiegemea nyama upande huu na ule, na ikigusa mfupa kwa mshazari inaanza kuyumba, ikishayumba imekwisha. Pua bapa inasukuma nyama pembeni kwa nguvu, inajifungulia uwazi, na kiwiliwili cha nyuma kinapita kwenye uwazi huo bila kuguswa sana. Na jeraha lake ni pana kuliko la pua ya duara. Mkiniuliza leo nichague, nachukua pua bapa, na sitabishana.

Kuhusu kilichomo. Solidi za kizamani ni madini ya risasi yaliyovikwa gamba la chuma. Gamba likiwa nene, hasa puani, zilifanya kazi miaka mingi na zimeangusha ndovu wengi. Gamba likiwa jembamba, mnapata hiyo dawa ya meno. Siku hizi kichwa kinachongwa chote kwa shaba au shaba nyeupe, kitu kimoja, hakuna cha kupasuka. Ila shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kwa uzito uleule kichwa kinakuwa kirefu, kinaingia zaidi kwenye ganda linalobeba baruti na kula nafasi yake. Pia ni kigumu. Mwenye bunduki ya kale ya mitutu miwili, urithi wa babu, asiishindilie shaba ngumu bila kumwonyesha fundi anayezijua. Mitutu ile ni myembamba. Vichwa vyenye mifereji iliyochongwa kiunoni vina nafuu, maana sehemu inayokwaruza mtutu ni ndogo.

Uzito nao usiupuuze. Namba kama .375 ni unene wa kichwa cha risasi kwa inchi, na greni ni kipimo cha uzito wake. Kwa .375 ya Holland & Holland, iliyotoka mwaka 1912, chukua greni 300, yaani gramu 19 na ushee. Kwa .416 Rigby greni 400. Kwa .458 greni 500, gramu 32. Ukipunguza uzito ili upate kasi, kwa solidi umejiibia mwenyewe.

Hiyo .458 ina historia yake. Ilipotoka mwaka 1956 ilipendwa kwa bei na kwa kuwa inaingia kwenye bunduki ya kawaida. Ganda lake lakini ni fupi, baruti inashindiliwa, na baadhi ya zile za zamani baruti iliganda kama ugali uliolala. Risasi ikatoka mtutuni imechoka. Watu wakalaumu kichwa, kumbe tatizo lilikuwa nyuma yake. Mkikabidhiwa boksi lililokaa stoo miaka kumi na tano kwenye joto, lipigeni uwanjani kwanza.

Halafu atatokea mtu na habari za Bell. Mskoti yule aliyewinda Karamoja, Uganda, miaka ya mwanzo ya karne iliyopita, akaangusha ndovu zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Ni kweli. Ila wanaomsimulia wanaacha nusu. Risasi zake zilikuwa solidi ndefu, za greni 173, zenye kunyooka. Na alipasua mafuvu kwa msumeno apate kujua ubongo umelala wapi. Ndovu ukimtazama usoni, mbele ya ubongo kuna kama dhiraa moja ya ngozi na mfupa wenye matundu kama sega la nyuki, na pembe ya kulenga inabadilika kila anapoinua kichwa. Bell alikijua kichwa kile. Nani kati yenu?

Mbogo ni habari nyingine. Risasi ya kwanza kwa dume lililo ndani ya kundi, mimi natia softi nzuri isiyopasuka ovyo, kisha zote zinazofuata solidi. Sababu si mbogo unayempiga, ni yule aliye nyuma yake. Solidi ikipita katikati ya mbavu inatokea upande wa pili ikiwa bado na nguvu, inamkuta jike ambaye hayumo kwenye kibali chako, na sasa una majeruhi wawili na jua linazama. Wanaofanya kazi ya kufukuza waharibifu mashambani mwongezee: nyuma ya tembo kuna mahindi, nyuma ya mahindi kuna nyumba. Wenzetu wa Kenya walifunga uwindaji mwaka 1977, lakini askari wao wakiitwa shambani wanakutana na hesabu hiyohiyo.

Jambo la mwisho ni dogo na ndilo linalosahaulika. Pua bapa hunasa. Ukingo wake unagonga mdomo wa chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, na bolti, kile chuma kinachoisukuma, inasimama nusu ya safari. Nimeona kijana anavuta bolti mara tatu huku mbogo anakuja. Jaza magazini, zipitishe zote kwenye chemba haraka, kwa nguvu, kama mtu anayeogopa. Ikigoma mara moja tu kati ya ishirini, badilisha risasi au mpelekee fundi. Kisha piga softi na solidi kwenye karatasi moja, hatua hamsini. Mara nyingi haziangukii mahali pamoja.

Kesho saa moja asubuhi tukutane uwanjani, kila mmoja na za aina zote mbili. Na vichwa vyangu virudi vitatu. Naona ile ndizi imeishia safu ya nyuma.