Karanga ndani ya mikorosho michanga: kamba, jembe na daftari

Mwangaluka, wakulima wenzangu. Leo tupo Uyui, hapa Tabora, kwenye ekari moja ya mikorosho ya mwaka wa kwanza. Nafasi ni mita 12 kwa 12, kwa hiyo ekari nzima ina miche 28 tu. Iliyobaki ni ardhi tupu, na itaota majani upende usipende. Korosho za kuonja utaziona mwaka wa tatu. Za kujaza gunia zinataka subira zaidi. Palizi haisubiri, ndiyo maana katikati tunapanda karanga.

Chukua kamba ya mita moja na nusu. Shikilia ncha moja usawa wa mche, mwenzako azunguke na nyingine akichora duara. Humo hatupandi kitu. Wengi huacha ukanda wa mita 3 kufuata mstari mzima wa miche, wakiona ni kaeneo kadogo. Haya, piga hesabu: mita 3 katika kila mita 12 ni robo ya ekari imelala. Maduara 28 yote kwa pamoja hayafiki mita za mraba 200, na ekari ina zaidi ya 4,000. Sehemu kubwa ya robo hiyo umeiokoa kwa kipande cha kamba.

Mvua zikishashika, panda. Mstari hadi mstari sentimita 50, mbegu moja kila sentimita 10. Mimi natumia mbegu aina ya Pendo, inakomaa kwa miezi 3 hivi. Mahindi na mihogo siweki humu. Vinarefuka na kuuwekea mche kivuli, na mkorosho unataka jua.

Sogeza kamera. Unaona kovu hili kwenye shina? Hapa ndipo mche ulipobebeshwa, yaani kikonyo cha mkorosho mwingine kilipounganishwa na shina la chini. Chipukizi likitokea chini yake, litoe. Ndani ya duara palilia kwa mkono, jembe litakata mizizi.

Sasa daftari, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya. Palizi ya ekari hii ningeilipia hata nisingepanda karanga. Ukiiandika yote upande wa karanga, zitaonekana hazilipi. Ziandikie karanga gharama za mbegu, kupanda, kuvuna na kupukuchua. Palizi zigawane na mikorosho. Halafu kuna faida isiyo na risiti: shamba lililolimwa halina nyasi za kubeba moto wa kiangazi, na moto ukipita kwenye miche ya umri huu, unaanza upya.

Mwaka wa pili ongeza kamba iwe mita 2 na nusu. Maduara yatakula kama sehemu moja ya saba ya ekari. Endelea kuyapanua kila msimu, na kivuli kikishatawala, karanga zihame.

Ukivuna, anika mpaka punje zigonge ndani ya ganda, sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haina mzaha. Na majani ya karanga yatoe shambani siku hiyohiyo. Mimi niliyaacha wiki moja, ng'ombe wakayafuata, wakavunja miche minne.