Jinsi ya kuandika Ω, μ na α zisigeuke W, m au viboksi

Haya karibuni, leo tunamaliza hii kero ya herufi za Kigiriki. Unaandika Ω kwako inaonekana safi, unamtumia mtu faili, anafungua anakuta W. Mimi ilinitokea kwenye orodha ya rezista (vile vipande vya umeme vinavyozuia mkondo), nimeandika 10 kΩ ikatoka 10 kW, yaani ukinzani umegeuka kilowati, na nilishaprinti kurasa zote.

Kabla hatujagusa kibodi, shika hili: kompyuta haihifadhi umbo la herufi, inahifadhi namba. Kwenye Unicode, yaani ile orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, Ω ni 03A9, α ni 03B1, μ ni 03BC (zinahesabiwa kwa msingi wa 16, ndo maana unaona A na B humo). Fonti ni nguo tu inayovalishwa hiyo namba. Sasa kuna watu wanaandika W kisha wanaweka fonti ya Symbol, jicho linaona Ω lakini ndani ni W ileile, ikifika kwenye mashine isiyo na hiyo fonti nguo inamvuka. Na m ya Symbol inaonekana kama μ, sasa fikiria dozi ya dawa, 50 μg inasomeka 50 mg, hiyo ni mara 1000, mtu anaweza kufa kabisa. Tafadhali acheni huo mtindo.

Fungua Word. Andika 03A9, usiruke nafasi, shika Alt bonyeza X. Umeona, imekuwa Ω. Ila angalia hapa, ukiandika 50 ukaiunganisha na 03BC itajaribu kusoma tarakimu zote kama namba moja, kwahiyo chagua zile nne za mwisho tu ndo ubonyeze Alt na X. Kwenye ukurasa wa wavuti andika &Omega; kwa O kubwa, ukiweka o ndogo unapata ω.

Sasa kuhakiki. Weka kasa (kile kimstari kinachowakawaka unapoandika) mara tu baada ya herufi, bonyeza tena Alt na X, namba itajitokeza. Kwa Ω, ikija 03A9 uko salama. Ikija 2126 hiyo ni alama ya omu (kipimo cha ukinzani), inafanana kama pacha lakini ni namba nyingine na wenyewe Unicode wanashauri utumie 03A9. Ikija kitu kingine, futa andika upya.

Tatizo lingine ni hili, ulitegemea α unakuta Î±. Hapo faili halijaharibika jamani! Kwenye UTF-8, yaani njia ya kuhifadhi namba za Unicode ndani ya faili, α inakaa baiti mbili, CE na B1, programu imezisoma kama herufi mbili tofauti za Ulaya Magharibi. Usisevu chochote, maana ukisevu hivyo ndo unaliharibu kweli, funga, fungua tena ukichagua UTF-8. Kama ni ukurasa wako wa wavuti, juu kabisa ndani ya head weka <meta charset="utf-8"> na faili lenyewe ulisevu kwa UTF-8 pia, moja bila nyingine haisaidii.

Na ukiona kiboksi kitupu, namba ipo ila fonti haina mchoro wake. Chagua kiboksi, badilisha fonti, weka yenye Kigiriki, herufi inarudi hapohapo.